Kusaka chanzo cha mlipuko wa Salmonella: mwongozo kamili wa kusoma vinasaba na kupima usugu wa dawa

Salmonella ni jina moja la ukoo mkubwa sana. Spishi ni mbili tu, Salmonella enterica na Salmonella bongori, lakini ndani yake zimeshatambuliwa serova (aina ndogo zinazotofautishwa kwa alama za juu ya bakteria) zaidi ya 2,500. Kwa hiyo jibu la maabara linaloishia kwenye "Salmonella imeonekana" linamfaa daktari kwa kiasi, ila mpelelezi wa mlipuko haliwezi kumfikisha popote. Watu kumi walioharisha ndani ya mwezi mmoja huenda wamekula kitu kimoja kilichochafuka. Huenda pia ni visa kumi visivyohusiana hata kidogo.

Mwongozo huu unafuata kazi yote, kuanzia sampuli ya kinyesi hadi ripoti, na unamlenga mtu wa maabara pamoja na mwenzake wa afya ya jamii, kwa sababu mmoja peke yake hafiki. Msimamo wangu niuseme mapema. Vinasaba vinakuonyesha ni bakteria gani walio ndugu. Usugu wa dawa unakudokezea mazingira waliyopitia. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachokutajia chakula. Chakula kinatajwa na wagonjwa, stakabadhi za manunuzi na pakiti iliyobaki kabatini.

Hatua ya 1: Pata bakteria hai, na tarehe zilizo sahihi

Vipimo vya PCR (vya kunakili DNA hadi ionekane) vinavyotafuta vimelea vingi vya kuharisha kwa mpigo mmoja vimeenea, na kwa daktari ni neema kwa kuwa jibu hutoka ndani ya saa chache. Kwa mpelelezi vimeleta kikwazo. Kipimo cha namna hiyo kinasema Salmonella ipo, basi. Hakiachi bakteria wa kutambuliwa serova, kupimwa dawa wala kusomwa jenomu (DNA yake yote). Kila sampuli iliyotoa jibu chanya kwa PCR ioteshwe mara moja, au ipelekwe kwenye maabara inayootesha, kabla haijatupwa.

Kinyesi hupandwa moja kwa moja kwenye sahani ya agari ya XLD, na sehemu yake hutiwa kwenye midia ya kukuzia. Chakula kinahitaji subira zaidi, kwa kuwa bakteria waliomo huwa wachache, wamedhoofishwa na joto, chumvi au ukavu, na wamezungukwa na wengine wengi. Utaratibu unaotumika sana ni ule wa ISO 6579-1. Pima gramu 25 za chakula, zitie katika mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, acha kwenye nyuzi 34 hadi 38 za Selsiasi kwa takribani saa 18 ili waliojeruhiwa wapate nguvu. Kisha hamishia kiasi kidogo kwenye midia mbili zinazowabana bakteria wengine: RVS kwa nyuzi 41.5 na MKTTn kwa nyuzi 37, kila moja saa 24. Hapo ndipo unapanda kwenye XLD na kwenye agari ya pili unayoichagua mwenyewe.

Kwenye XLD, Salmonella walio wengi hutoa koloni nyekundu zenye kitovu cheusi. Weusi huo unatokana na hidrojeni salfaidi, na wapo wasioutoa. Ndiyo maana agari ya pili iwe ya aina inayotambua kwa njia nyingine. Thibitisha kwa vipimo vya kawaida: kwenye mrija wa agari ya TSI mteremko hubaki mwekundu na kitako huwa cha njano chenye weusi, urea huwa hasi, lysine huwa chanya. Maabara yenye PCR inaweza kutafuta jeni ya invA.

Kosa linalogharimu uchunguzi kuliko yote katika hatua hii ni kuchukua koloni moja tu. Chakula kimoja, hasa kilichopita kwenye maji machafu au vumbi la kiwanda, kinaweza kubeba aina mbili au tatu za Salmonella kwa wakati mmoja. Ukiokota moja, na wagonjwa wakawa na nyingine, utaandika kwamba chakula hakihusiki ilhali kinahusika. Kutoka kwenye chakula na mazingira chukua angalau koloni tano, zitoke kwenye sahani tofauti ikiwezekana. Kwa mgonjwa mmoja mmoja koloni moja hutosha mara nyingi.

Gandisha kila bakteria kwenye gliseroli kwa nyuzi -80 mapema iwezekanavyo. Usimhamishe kutoka sahani hadi sahani wiki nzima ukisubiri nafasi ya mashine. Plazmidi, vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, hupotea njiani, na jeni za usugu huondoka nazo.

Halafu tarehe. Andika siku mgonjwa alipoanza kuumwa na siku sampuli ilipochukuliwa. Siku ambayo sampuli ilifika maabara ni habari ya usafiri, haielezi ugonjwa. Nimeona michoro ya milipuko iliyopangwa kwa tarehe za mapokezi, na kilele chake kilikuwa kila Jumatatu.

Hatua ya 2: Tambua serova

Njia ya zamani ni kuwashikamanisha bakteria kwa antisera (majimaji yenye kingamwili) ili kusoma antijeni, yaani zile alama za juu, za ukuta (O) na za mijeledi (H, ambazo huwa na awamu mbili). Njia ya sasa ni kuisoma serova kutoka kwenye jenomu yenyewe kwa programu ya SeqSero2 au SISTR. Kama bado hujasoma jenomu, antisera zitakuongoza vizuri tu.

Serova huchuja, haithibitishi. Enteritidis ni ya kawaida mno kiasi kwamba wagonjwa watano wa Enteritidis katika mwezi mmoja si habari. Wagonjwa watano wa serova adimu ni habari hata kabla ya kipimo kingine. Kuna mtego pia: baadhi ya serova, Newport ikiwa mfano mzuri, zina matawi kadhaa ambayo kinasaba hayako karibu. Wanafanana sare, wametoka kambi tofauti.

Kuwa makini na kundi linaloandikwa 1,4,[5],12:i:-. Hawa ni Typhimurium waliopoteza awamu ya pili ya mijeledi, na wamesambaa sana. Ukiwaweka kwenye kapu la "serova haijulikani" utaukosa mlipuko mzima.

Hatua ya 3: Pima dawa kwenye sahani

Kipimo cha diski ni cha bei nafuu, kinatoa jibu kesho yake, na kinafaa kazi mbili: kumshauri daktari na kupanga wagonjwa katika makundi huku ukisubiri jenomu.

Chukua koloni chache zinazofanana, zichanganye kwenye maji ya chumvi hadi ukungu ulingane na 0.5 ya kipimo cha McFarland, takribani bakteria milioni 150 kwa mililita. Paka kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4. EUCAST, kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya vipimo hivi, wana kanuni rahisi kukumbuka: tumia mchanganyiko ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15, ingiza sahani kwenye joto ndani ya dakika 15. Acha kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20, kisha pima kipenyo cha duara tupu kwa milimita. Kila mara pima pia E. coli ATCC 25922, bakteria wa rejea ambaye duara zake zinajulikana. Kama duara zake ziko nje ya mipaka inayokubalika, matokeo yote ya siku hiyo yafutwe, hata kama yanapendeza.

Orodha ya dawa inayoleta maana kwa ufuatiliaji ni ampisilini, sefotaksimu na seftazidimu (au seftriaksoni), siprofloksasini, tetrasaiklini, kloramfenikoli, salfonamaidi, trimethoprimu, jentamisini, azithromaisini na meropenemu. Kolistini usiipime kwa diski, haisambai vizuri kwenye agari. Tumia mchuzi wa kuoteshea wenye viwango vinavyopanda hatua kwa hatua.

Siprofloksasini ina hila yake. Salmonella wenye badiliko moja kwenye jeni ya gyrA, au wenye jeni ya qnr, huonyesha usugu mdogo ambao diski ya siprofloksasini huupitia bila kuuona, na matibabu yanaweza kushindwa. EUCAST wanapendekeza diski ya pefloksasini ya mikrogramu 5: duara chini ya milimita 24 ni usugu. Ukipima kwa mchuzi, mpaka ni miligramu 0.06 kwa lita. Kumbuka kwamba pefloksasini nayo haimnasi vizuri bakteria mwenye jeni ya aac(6')-Ib-cr, kwa hiyo matokeo yanayogongana na jenomu yasikushangaze.

Jambo la pili ni la usalama wa mgonjwa. Dawa za kundi la jentamisini, pamoja na sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili, huweza kuonekana zinafanya kazi kwenye sahani lakini hazifanyi kazi mwilini dhidi ya Salmonella. Zipime kwa ajili ya ufuatiliaji ukitaka, ila usimwandikie daktari kwamba zinafaa. Na mgonjwa wa kuharisha asiye na matatizo mengine kwa kawaida hahitaji antibiotiki. Wanaozihitaji ni wachanga, wazee, wenye kinga dhaifu na ambao bakteria wameingia kwenye damu.

Kwamba usugu unaweza kumfikisha mpelelezi hadi zizini kulionyeshwa nchini Marekani mwaka 1983, zamani za kabla ya kusoma jenomu. Watu 18 katika majimbo manne waliugua Salmonella Newport sugu kwa ampisilini, kabenisilini na tetrasaiklini, wote wakiwa na plazmidi ya ukubwa wa kilobesi 38 (herufi 38,000 za DNA). Wagonjwa 12 kati yao walikuwa wameanza kumeza dawa za jamii ya penisilini kwa maradhi mengine, siku moja au mbili kabla ya kuharisha. Mtu angeweza kuishia hapo na kuzilaumu dawa. Scott Holmberg na wenzake walilinganisha plazmidi za wagonjwa na za mifugo, wakafuata kumbukumbu za usambazaji wa nyama, na wakafika kwa ng'ombe wa nyama wa South Dakota waliokuwa wakilishwa klorotetrasaiklini ili wakue haraka. Wagonjwa walikuwa tayari wamekula bakteria sugu ndani ya nyama ya kusaga. Dawa waliyomeza iliwafyeka bakteria wengine wa tumboni na kumwachia Salmonella uwanja.

Hatua ya 4: Soma jenomu, na ukatae data mbovu

Kwa miaka mingi kipimo kikuu kilikuwa PFGE: unaikata DNA kwa kimeng'enya cha XbaI, unavitenganisha vipande kwenye jeli ya umeme, unalinganisha mistari. Mtandao wa maabara wa PulseNet, ulioanzishwa Marekani mwaka 1996, ulijengwa juu ya njia hiyo. Udhaifu wake ulionekana hasa kwa Enteritidis, ambao wengi wao hutoa mistari ileile hata kama hawana uhusiano wa karibu. MLVA, inayohesabu marudio katika sehemu tano za jenomu ya Typhimurium, ilisaidia, na bado inafaa pale ambapo mashine ya kusoma jenomu haipo. Uingereza walihamia kwenye jenomu nzima kwa Salmonella kuanzia mwaka 2014, na PulseNet ya Marekani ikafuata kikamilifu mwaka 2019.

Jenomu ya Salmonella ina herufi takribani milioni 4.8. Ukitaka kila herufi isomwe mara 50 kwa wastani, unahitaji herufi milioni 240 za data kwa kila bakteria. Hesabu hii ndiyo inayokuambia ni sampuli ngapi ziingie kwenye mzunguko mmoja wa mashine. Chini ya mara 30 usiendelee, rudia.

Baada ya kusoma, safisha data kwa fastp au Trimmomatic, iunganishe kwa SPAdes au Shovill, na uitazame kwa QUAST. Jenomu iliyounganishwa iwe kati ya milioni 4 na 5.8, na kiwango cha GC (sehemu ya herufi G na C za DNA) kikaribie asilimia 52. Ikizidi ukubwa huo, kuna bakteria mwingine ndani. Kraken2 itakuonyesha mgeni wa spishi nyingine. Mgeni mgumu ni Salmonella mwingine aliyeingia kutoka kishimo cha sampuli ya jirani kwenye sahani ya maandalizi, maana huyo anapita kila kichujio cha spishi. Tumia ConFindr, inayotafuta jeni ambazo zingepaswa kuwa na umbo moja lakini zimeonekana na mawili. Mimi hupendelea kutupa jenomu tatu zenye mashaka kuliko kubaki na moja inayounganisha makundi mawili yasiyohusiana.

Maabara isiyo na kompyuta kubwa isikate tamaa. EnteroBase na Pathogenwatch hupokea data na kuichambua bure, Galaxy inakuwezesha kuendesha programu nyingi kupitia kivinjari, na NCBI Pathogen Detection hukulinganishia bakteria wako na wale waliopakiwa duniani kote. Kabla ya kupakia, ondoa jina, namba ya hospitali na chochote kinachomtambulisha mgonjwa. Mwaka, nchi na aina ya sampuli vinatosha.

Hatua ya 5: Pima udugu

Anza na MLST, njia inayolinganisha jeni saba (aroC, dnaN, hemD, hisD, purE, sucA, thrA). Inatoa namba ya aina (ST), kwa mfano ST11 kwa Enteritidis walio wengi, ST19 kwa Typhimurium na ST34 kwa 1,4,[5],12:i:- aliyesambaa. Hiki ni kichujio cha pili. Wenye ST tofauti waweke kando, wenye ST moja waendelee.

Kisha chagua kati ya njia mbili. cgMLST inalinganisha jeni za msingi, 3,002 katika mpango wa EnteroBase, na kuhesabu ngapi zimetofautiana. Faida yake ni kwamba maabara mbili zinazotumia mpango mmoja zinaweza kulinganisha namba bila kupeana data ghafi. Njia ya pili ni kuhesabu mabadiliko ya herufi mojamoja, SNP, ukilinganisha na jenomu ya rejea kwa Snippy au CFSAN SNP Pipeline. Hii huona kwa ukali zaidi, ila inategemea rejea uliyochagua. Ukitumia rejea ya mbali, sehemu nyingi za jenomu hazitalinganishwa na tofauti zitaonekana chache kuliko zilivyo. Chukua rejea yenye ST ileile, hata kama ni mmoja wa bakteria wako uliyemsoma vizuri. Ficha maeneo ya virusi vya bakteria waliojipachika kwenye kromosomu, na pitisha Gubbins ili kuondoa vipande vilivyoingia kwa kubadilishana DNA, maana kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kukuletea tofauti kumi kwa tukio moja.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza: tofauti ngapi ni "mlipuko mmoja"? Mpaka unaotajwa sana ni SNP 5. Hauna uchawi wowote. Serova kama Typhimurium na Enteritidis hupata takribani badiliko moja au mawili kwa mwaka, kwa hiyo bakteria wawili waliotengana mwaka mmoja uliopita watakuwa na tofauti kama mbili hadi nne. Mlipuko wa harusi moja unapaswa kuwa na 0 hadi 2. Kiwanda kilichokaliwa na bakteria miaka mitano kinaweza kutoa 10 au zaidi na bado kikawa chanzo kimoja. Kinyume chake, bakteria waliolala kwenye vumbi kavu hawagawanyiki, na asiyegawanyika habadiliki. Wanaweza kufanana kabisa wakiwa wametenganishwa na miaka. Weka mpaka, lakini utaje pamoja na muda unaouzungumzia.

Uangalie pia mnyororo. Asha yuko umbali wa 5 kutoka kwa Juma, Juma yuko 5 kutoka kwa Neema, programu inawaweka wote kundi moja, kumbe Asha na Neema wametofautiana kwa 10. Usisome orodha ya makundi tu, fungua mti wa nasaba na utazame. Kundi la kweli la chanzo kimoja mara nyingi lina shina fupi lenye matawi mafupi yanayotoka karibu na sehemu moja. Weka ndani ya mti huo bakteria wa kawaida wa serova hiyo ambao hawahusiki na mlipuko. Bila wao kila kitu kitaonekana cha karibu.

Hatua ya 6: Soma jeni za usugu, na uzilinganishe na sahani

Pitisha jenomu kwenye AMRFinderPlus au ResFinder. Utapata orodha kama blaTEM-1 kwa ampisilini, tet(A) au tet(B) kwa tetrasaiklini, sul1 na sul2 kwa salfonamaidi, floR kwa kloramfenikoli, blaCTX-M kwa sefalosporini za kizazi cha tatu, mcr kwa kolistini, pamoja na mabadiliko ya gyrA kwenye nafasi za 83 na 87.

Mtego unaowanasa wageni wote: aac(6')-Iaa. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya karibu kila Salmonella na kwa kawaida haileti usugu wowote. Ukiihesabu, kila bakteria wako atakuwa "sugu kwa aminoglaikosaidi" na jedwali zima litapoteza maana.

Sahani na jenomu vikigongana, usiharakishe kuamini kimojawapo. Jeni ipo na bakteria anakufa kwa dawa: pengine imekatika, pengine haifanyi kazi. Jeni haipo na bakteria anaishi: pengine plazmidi ilipotea kati ya kipimo kimoja na kingine, au usugu unatoka kwenye pampu za kutoa dawa ambazo orodha ya jeni haizioni. Rudia vipimo vyote viwili kutoka kwenye kichupa kilekile cha akiba.

Usugu una uzito gani katika kuunganisha wagonjwa? Inategemea umekaa wapi. Jeni zilizopachikwa kwenye kromosomu hurithiwa pamoja na ukoo. Mfano maarufu ni tawi la Typhimurium liitwalo DT104, aliyebeba usugu kwa dawa tano ndani ya kisiwa cha jeni kiitwacho SGI1. Plazmidi, kwa upande mwingine, huhama kutoka bakteria hadi bakteria, hata kwa spishi nyingine, na hupotea. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jenomu zinazofanana kwa SNP 1, mmoja sugu na mwingine si sugu, bado ni wa mlipuko mmoja. Usimtoe wa pili. Na wawili wenye orodha ileile ya usugu lakini walio mbali kwa SNP 200 si wa mlipuko mmoja, hata kama inashawishi.

Kujua jeni imekaa wapi kwa data ya vipande vifupi ni vigumu, kwa sababu mfuatano unaojirudia kama IS26 hukata jenomu palepale penye jeni za usugu. Bakteria mmoja au wawili wa kila kundi wasomwe kwa mashine ya vipande virefu, kama ya Oxford Nanopore, ili plazmidi ijifunge duara nzima. Huhitaji kuwasoma wote.

Hatua ya 7: Waulize watu

Andika tafsiri ya kisa kabla ya kupiga simu ya kwanza. Aliyethibitishwa ni mwenye bakteria aliyeingia kwenye kundi la kinasaba. Anayeelekea ni mwenye serova na usugu uleule ndani ya tarehe husika, jenomu yake ikisubiriwa. Bila mipaka hii orodha itavimba kila siku.

Uliza vyakula vya siku saba kabla ya kuumwa, kwani dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6. Mahojiano ya mwanzo yawe ya wazi: mwache mgonjwa asimulie alikula wapi, alinunua wapi, ana kadi ya duka inayohifadhi manunuzi au la. Dodoso lenye visanduku lije baadaye, ukishajua la kuuliza. Kumbuka kwamba kutoka kula hadi kuingia kwenye kundi la kinasaba hupita wiki tatu au nne, na kumbukumbu ya saladi hudumu siku chache.

Kisha linganisha. Tuseme wagonjwa 16 kati ya 20 walikula jibini fulani, na kati ya watu 40 wasiougua walikula 10. Uwiano wa uwezekano ni 16 kwa 4, gawanya kwa 10 kwa 30, jibu 12. Kama kupata watu wasiougua wa kulinganisha ni kazi, tumia wagonjwa wa Salmonella wa makundi mengine: wamehojiwa kwa dodoso lilelile, na kumbukumbu zao zina kasoro zilezile.

Viambato vinavyoliwa pamoja ndivyo vinavyopotosha. Mwaka 2008 Marekani ilikumbwa na Salmonella Saintpaul iliyougusa umma wa watu zaidi ya 1,400. Mahojiano ya mwanzo yalielekeza kwenye nyanya mbichi na watu wakaonywa wasizile. Uchunguzi wa makundi ya waliokula mgahawa mmoja ndio uliogeuza macho kwenye pilipili za jalapeño na serrano, ambazo huchanganywa na nyanya katika kachumbari na ambazo mlaji hazikumbuki. Bakteria wa mlipuko alipatikana baadaye kwenye pilipili. Kwa hiyo mgonjwa akitaja chakula cha mgahawa, omba orodha ya viambato kutoka jikoni.

Hatua ya 8: Nenda kwenye chakula

Fuata bechi kinyumenyume: duka, msambazaji, kiwanda, malighafi. Mstari mmoja hausemi kitu. Unatafuta mahali ambapo mistari ya wagonjwa wasiojuana inakutana. Pakiti isiyofunguliwa ina uzito mkubwa kuliko iliyofunguliwa nyumbani kwa mgonjwa, ambayo yeye mwenyewe anaweza kuwa ameichafua. Kiwandani chukua sampuli kabla ya usafi wa dharura haujaanza: mifereji ya sakafu, vichujio, viungio vya mabomba, vumbi la juu ya mashine.

Mlipuko wa chokoleti wa mwaka 2022 unaonyesha hatua zote zikifanya kazi pamoja. Uingereza waliona kundi la 1,4,[5],12:i:- ST34, wengi wao watoto wadogo, lenye usugu kwa aina sita za antibiotiki. Jenomu zilipowekwa wazi kwa nchi nyingine, visa vinavyolingana vikaibuka kote Ulaya. Mahojiano yalirudi kwenye bidhaa za kiwanda kimoja cha mjini Arlon, Ubelgiji, ambako Salmonella alikuwa ameonekana Desemba 2021 kwenye tangi la maziwa ya siagi, na bakteria wa kiwandani akalingana na wa wagonjwa. Kiwanda kilikuwa kimefanya usafi na kuendelea na kazi.

Hatua ya 9: Andika kwa maneno yanayobebeka

Epuka "jenomu imethibitisha kwamba chakula hiki ndicho kilichosababisha". Andika ulichokiona: bakteria 14 wa wagonjwa na 3 wa bechi fulani wako ndani ya SNP 0 hadi 3, ndugu wa karibu zaidi nje ya kundi yuko SNP 41. Namba hiyo ya mwisho huachwa mara nyingi, na ndiyo inayoonyesha jinsi kundi lilivyojitenga. Taja rejea, programu na toleo lake, tarehe ya hifadhidata ya jeni za usugu, na toleo la mipaka ya EUCAST au CLSI (wenzao wa Marekani), kwani mipaka hiyo hurekebishwa kila mwaka. Usiseme nani alimwambukiza nani. Mti wa nasaba wenye tofauti moja mbili hauonyeshi mwelekeo, na mfanyakazi wa jikoni aliyekutwa na bakteria huyo huenda naye alikula chakula kilekile.

Mlipuko hufungwa pale ambapo hakuna mgonjwa mpya kwa muda unaozidi siku za dalili kujitokeza pamoja na zile wiki za maabara. Kundi lenyewe usilifute. Nchini Marekani, nafaka za kifungua kinywa ziliambukiza watu Salmonella Agona mwaka 1998, na mwaka 2008 Agona mwenye mistari ileile ya PFGE akatoka kwenye kiwanda kilekile. Ufaransa nako maziwa ya watoto wachanga ya kiwanda kimoja yalileta Agona mwaka 2005 na tena mwaka 2017. Lipe kundi namba ya kudumu, liache kwenye mfumo ili kila jenomu mpya ilinganishwe nalo yenyewe, weka vichupa viwili vya bakteria huyo katika friji mbili tofauti, na mwandikie atakayepokea kazi yako ni bechi zipi hazikuwahi kupimwa.